Kubanwa Kidogo Tu

Kwa miaka kumi na tisa Gaynor Holroyd alipokea simu katika kliniki ya Thornbeck, na katika miaka hiyo yote hakuna mgonjwa aliyemwambia kwamba ana maumivu makubwa, isipokuwa wale ambao hawakuwa nayo.

Laini zilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi. Ilipofika saa mbili na dakika tatu, watu kumi na watano walikuwa wamekwisha kupanga foleni hewani, wakisikiliza piano ileile iliyorekodiwa, na Gaynor alikuwa amevaa vipokea sauti vyake, chai pembeni, miwani puani. Thornbeck ni mji wa mawe meusi ulioning'inia pande mbili za bonde, kaskazini mwa Uingereza, na watu wake hawapendi kusumbua. Wakipiga simu huomba radhi kwanza. Kisha husema wana tatizo kidogo.

Neno hilo ndilo lililokuwa kazi yake. Kwa Kiingereza chao ni vijineno vitatu, "a bit of", vinavyowekwa mbele ya jina la jambo, na hakuna jambo vinavyolikataa. Mto ukipanda hadi ngazi za kanisa, hiyo ni mvua kidogo. Ndugu wawili ambao hawajasemezana tangu mama yao azikwe wana ugomvi kidogo. Mwanamke aliyeuletea mji vikombe vitatu vya fedha kwa sauti yake ni mwimbaji kidogo, na hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Gaynor alikuwa na kanuni aliyoitunga mwenyewe, na hakuficha kwamba aliionea fahari: mwenye jambo dogo hulitaja kwa jina lake, basi. Mwenye mafua husema ana mafua. Anayeongeza "kidogo" ana kitu kinachomtisha, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyozidi kuongeza.

"Hesabu hizo kidogo," aliwaambia makarani wapya. "Moja, uliza maswali. Mbili, mtafutie nafasi leo. Tatu, usikate simu hata jengo likiwaka moto."

Shazia Akhtar, aliyekalia kiti cha pili, aliiandika kanuni hiyo kwenye karatasi ya manjano na kuibandika chini ya skrini yake. Alikuwa amezaliwa Thornbeck, lakini alilelewa na mama aliyeamini kwamba maumivu ni ya kutangazwa.

"Mama yangu akiumwa kichwa, mtaa mzima unajua," alisema siku moja baada ya kushusha simu. "Nyinyi mtu akikatika mguu anasema anachechemea kidogo."

"Alisema hivyo?"

"Alisema amejikata kidogo. Nikamuuliza kidogo kama nini, kama ulivyonifundisha. Anasema kidole kiko kwenye mfuko wa njegere za barafu. Nikamuuliza kidole kiko kwenye mfuko, na wewe uko wapi? Anasema yuko jikoni."

Walicheka hadi Lorraine, meneja wa kliniki, akachungulia mlangoni. Mtu wa njegere alirudishiwa kidole chake. Gaynor aliletewa chokoleti.

Clifford Sugden alipiga simu Jumatatu ya pili ya Novemba, saa mbili na dakika kumi na tisa. Shazia alikuwa likizo. Foleni ilikuwa ya watu kumi na sita, na kwenye skrini ya Gaynor ilibaki nafasi moja tu ya siku hiyo, saa tano na dakika arobaini.

Clifford alikuwa na umri wa miaka sabini na minne na alijenga kuta za mawe, zile zinazokata malisho ya kondoo mlimani, ambazo hupangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji. Baba yake Gaynor alimbebea mawe kwa miaka thelathini. Tangu ajue kusema, Gaynor alimwita Anko, na kumwita mkewe, Muriel, Anti, ingawa hawakuwa na tone la damu moja. Baba alipofariki, ni Clifford aliyeshika ncha ya mbele ya jeneza, na ni Muriel aliyekaa na Gaynor wiki nzima akimpikia mayai ambayo hakuyala.

"Kliniki ya Thornbeck, Gaynor anazungumza."

"Gaynor, mwanangu. Ni mimi, Clifford. Samahani kukusumbua, najua mna kazi."

"Hunisumbui, Anko. Anti hajambo?"

"Yuko kwa dada yake hadi kesho. Nina uhuru kidogo." Akacheka, na kicheko kikakatika katikati. "Sikiliza, wala si kitu. Nimebanwa kidogo tu, tangu jana. Na mkono unanisumbua kidogo, lakini hayo ni mawe."

"Umezeeka, Anko. Yaambie mawe nayo yakubebe wewe."

"Ndivyo ninavyoyaambia." Akavuta pumzi, akaitoa. "Usiku nilitoka jasho kidogo. Basi nikasema, ngoja nimpigie Gaynor."

Simu ya kumi na saba iliingia kwenye foleni. Gaynor aliitazama namba hiyo ikigeuka rangi kuwa nyekundu, kama inavyofanya foleni ikizidi kiasi.

"Ni jambo la leo, Anko, au linaweza kusubiri?"

Swali hilo alikuwa amelipiga marufuku. Kila karani aliyefundishwa naye alijua kwamba mtu wa Thornbeck haulizwi kama jambo lake ni la leo, kwa sababu hakuna mtu wa Thornbeck ambaye jambo lake ni la leo.

"Hapana, hapana. Wape wenye shida. Mimi nina wasiwasi kidogo tu, uzee huu."

"Alhamisi, saa nne na robo?"

"Alhamisi ni sawa kabisa. Umenisaidia sana, mwanangu. Nilikuwa nimechanganyikiwa kidogo."

Aliandika: Kubanwa, mkono, uchovu. Si haraka. Kisha akapokea simu ya Bi Pickersgill wa mtaa wa Kiwandani, ambaye alisema, kama alivyosema kila Jumatatu, kwamba anakufa na atawaandikia wakubwa. Gaynor alimpa saa tano na dakika arobaini. Bi Pickersgill alikuwa na mafua.

Jumanne alasiri Clifford alipanda mlimani kumalizia pengo lililoachwa na kondoo waliobomoa ukuta. Aliyemkuta ni Danuta, mama wa Kipolandi aliyesambaza barua kwenye mashamba ya juu. Clifford alikuwa ameketi ameegemea ukuta wake, jiwe mapajani, rangi ya uso kama ya jiwe. Alimwambia Danuta asihangaike, amechoka kidogo tu. Danuta alikuwa na miaka sita tu nchini na hakuwa na muda wa kupima maneno. Alimtazama uso, akapiga tisa tisa tisa, namba ya dharura.

Hakufa. Hospitalini walimwekea kijibomba kwenye mshipa ulioziba, lakini sehemu ya moyo iliyokwisha kufa haikufufuka. Angeweza kutembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Jiwe hatalinyanyua tena. Daktari, kijana aliyezoea kusema wazi, alimwambia Muriel mbele ya kitanda: angefika Jumatatu, Krismasi ingemkuta kazini.

Sentensi hiyo Muriel aliichukua akarudi nayo nyumbani.

"Jumatatu," alimwambia Gaynor kwenye korido ya hospitali, akiwa amekumbatia koti la mumewe. "Jumatatu alikuwa na simu mkononi. Nimeuona ujumbe wenu, miadi Alhamisi saa nne na robo. Nikamuuliza, uliwaambia nini? Anasema niliwaambia mkono. Mkono, Gaynor! Kifua kinampasuka, yeye anawaambia mkono!"

Gaynor alifungua mdomo. Muuguzi akapita na kitanda cha magurudumu, wakajibanza ukutani kumpisha, na kitanda kilipokwisha kupita, Muriel alikuwa analia. Gaynor alimshika bega. Aliyoyasema ni kwamba Anko ni mtu mgumu, na Muriel akasema hilo analijua, ameolewa nalo.

Kuna jambo Gaynor hakulisahau kuhusu dakika hiyo, nalo si machozi ya Muriel. Ni jinsi mabega yake mwenyewe yalivyolegea aliposikia neno "mkono". Alipata nafuu. Ilidumu kutoka kwenye korido hadi kwenye maegesho ya magari, na alipoingia garini aliinamisha paji la uso kwenye usukani na kukaa hivyo hadi mlinzi alipogonga kioo kumuuliza kama hajambo.

"Nimechoka kidogo," alisema.

Wiki iliyofuata alibisha hodi ofisini kwa Lorraine na kufunga mlango nyuma yake.

"Ni kuhusu simu ya Clifford Sugden."

"Kaa." Lorraine hakuonekana kushangaa. "Nimeisikiliza. Ni lazima, mgonjwa akianguka ndani ya siku mbili. Kwa kweli ni jambo la kusikitisha kidogo."

"Alisema kubanwa. Sikumuuliza kubanwa wapi."

"Alisema pia si haraka. Alisema wape wenye shida. Nimempigia, Gaynor. Nikamweleza kila kitu, kwamba ana haki ya kulalamika, nikamwambia nitamwandikia barua ya kuomba radhi. Amekataa vyote. Ameomba jambo moja tu, mkewe asiambiwe yaliyosemwa kwenye simu. Na simu ni yake. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hilo unalijua kuliko mimi."

"Alisema kidogo mara ngapi?"

Lorraine alimtazama. "Sikuhesabu. Tano?"

"Sita. Ya kwanza ilikuwa mzaha."

Lorraine alifungua droo, akatoa fomu, akamwandikisha kwa mafunzo ya siku moja ya makarani wa mapokezi. Mkufunzi alitoka mji mwingine, na kabla ya chakula cha mchana alionyesha kwenye skrini maneno ambayo wagonjwa hutumia kupunguza uzito wa hali zao. Kulikuwa na sandwichi za mayai. Mtu wa kiti cha pembeni alimwambia Gaynor kwamba haya yote ni mambo ya kawaida tu, na Gaynor akakubali.

Alianza kuuliza kila mpigaji. Kidogo kama nini? Kidogo wapi? Tangu lini? Ukipanda ngazi inazidi? Nafasi za dharura ziliisha saa mbili na dakika nane. Mtu aliyetaka cheti cha likizo alijikuta akielezea kifua chake. Mmoja wa madaktari alitoka chumbani mchana mwenye uso uliochoka, akauliza kama mji mzima umeugua moyo wiki moja. Shazia alimlinda mbele za watu, kisha akageuza kiti.

"Dada Gaynor. Yule Bwana Ramsbottom alisema amekasirika kidogo kuhusu maegesho. Umempeleka kupimwa presha."

"Ilikuwa juu."

"Presha ya kila mtu iko juu akiongea na wewe siku hizi!" Alingoja kicheko, hakikuja. Akainua mkono akaibandua karatasi ya manjano chini ya skrini yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Ulikuwa wema. Gaynor aliuona mstatili msafi ulioachwa na karatasi ile kwenye plastiki yenye vumbi, na tangu siku hiyo hakuweza kutazama upande huo.

Kila Jumamosi alasiri alikwenda kwa kina Sugden na keki ya tangawizi kwenye mojawapo ya makopo mawili ya bati yaliyokuwa ya mama yake, moja lenye picha ya farasi kwenye mfuniko. Katika sehemu zile mtu haendi kwenye nyumba ya mgonjwa mikono mitupu, na kopo lina utaratibu wake. Keki huliwa ndani ya wiki, kopo likakaa kabatini kwa mwenyeji, na mgeni akija tena hubadilishana la zamani kwa jipya. Kopo kubaki kwa watu ni kusema utarudi.

Nyumba ilikuwa imebadilika sauti. Zamani Clifford ndiye aliyetania na Muriel ndiye aliyejifanya hasikii. Sasa Muriel alisema na Clifford akatabasamu. Alimkatia nyama yake. Alimfunga vifungo vya shati mbele ya wageni. Aliweka kengele ya shaba kando ya kiti chake, ile waliyoinunua ufukweni siku za fungate, ili aipige akihitaji kitu.

"Maana kusema hawezi," alimweleza Gaynor, akimimina chai. "Nimeishi na mtu miaka hamsini na mbili, nikadhani kama nyumba inaungua ataniambia. Hatasema! Atasema kuna moshi kidogo. Sivyo, we mzee?"

"Ndivyo, mama," alisema Clifford.

"Ona. Hilo anaweza kulisema."

Jumamosi ya tatu ya Desemba Muriel alitoka kwenda kwa jirani kuchukua maziwa, na Gaynor akasogeza kiti chake karibu na cha Clifford. Alikuwa amejiandaa. Sentensi aliifanyia mazoezi kwenye gari.

"Anko, siku ile ya simu. Nilifanya kosa kidogo."

Clifford alitazama moto. Mikono yake mikubwa, ambayo kwa zaidi ya mwezi haikugusa jiwe, ilikuwa imeanza kuwa laini, na ngozi ilikuwa inabanduka viganjani.

"Kama ni kidogo, basi," alisema.

"Si kidogo. Nimekosea kusema. Nilitaka kusema—"

"Najua ulichotaka kusema." Alimpigapiga mkono. "Baba yako alinidondoshea jiwe mguuni mwaka wa sabini na nane. Vidole viwili. Unafahamu alisema nini? Alisema, samahani kidogo, Cliff. Hatukulizungumza tena, na alikuwa rafiki yangu hadi siku anakufa. Muriel akijua hataweza kukutazama. Na ana watu wangapi, Muriel? Ana dada aliye kiziwi na ana wewe. Acha mimi niwe mjinga. Nimezoea."

"Anakusema kila siku, Anko."

"Ananisema kwa kuwa nipo. Ningekuwa sipo angelisema kabati."

Mlango ukafunguka, Muriel akaingia na maziwa na baridi, akauliza wananong'ona nini, na Clifford akasema wanamjadili yeye, kama kawaida.

Gaynor alilipokea hilo. Ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulipatia jina la upole: alipewa zawadi na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu, na kwa wiki tisa aliitumia. Alikula keki yake mwenyewe kwenye meza yao. Muriel alimsimulia mpanga maua wa kanisani, mwenye duka la nyama, na mwanamke wa maktaba habari ya mkono. Ikawa hadithi ya mji. Watu waliomjua Clifford tangu ujana walimpungia barabarani wakiinua mkono na kuuliza kwa kicheko, "Mkono haujambo?" Naye alijibu kwamba unaendelea vizuri, asante. Siku moja Gaynor alikuwa na kina Sugden barabarani mtu alipouliza hivyo, na akacheka pamoja nao, kwa kuwa kutocheka kungeonekana.

Jumamosi ya mwisho ya Februari alikuta nyundo mezani.

Zilikuwa nne, zimepangwa juu ya gazeti kuanzia kubwa hadi ndogo. Mipini ilikuwa imekolea rangi pale mkono uliposhika. Kando yake palikuwa na kamba ya kunyooshea mstari na kofia ya sufu iliyotoboka. Muriel alikuwa amesimama na kipande kingine cha gazeti, akifunga. Clifford alikuwa kwenye kiti chake, kengele pembeni.

"Garth wa ng'ambo ya bonde anakuja saa kumi kuzichukua," alisema Muriel. "Bora zitumike. Zikikaa hapa, siku moja nitarudi kutoka dukani nikute ameshapanda mlimani. Na akianguka huko atasema nini? Atasema anaangalia mawingu. Keki weka hapo, mpenzi wangu. Nimemwambia, mtu asiyeweza kusema kifua kinauma hawezi kuachiwa nyundo. Ni kama mtoto. Mtoto ni nafuu, mtoto analia."

"Mwache azichukue," alisema Clifford. "Zimechakaa kidogo."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya mzaha. Lakini alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini, mkono umefika mezani, na vidole viwili vilikuwa juu ya mpini wa nyundo ndogo, ile ya kupasulia kokoto. Muriel alikuwa na ncha ya gazeti mkononi, akingoja avitoe.

Gaynor alisikia lile neno. Alilisikia kama alivyopaswa kulisikia Jumatatu ile, kwa uzito wake wote. Alimtazama Clifford. Clifford alimwona, akajua, akatikisa kichwa mara moja, hapana. Siri ilikuwa yake, na kazi ya miaka kumi na tisa ilikuwa imesimama juu ya siri za namna hiyo.

"Anti Muriel," alisema Gaynor. "Nilifanya kosa ki—"

Akasimama. Akaanza tena.

"Nilifanya kosa. Alisema."

"Nani alisema nini?"

"Anko. Kwenye simu. Alisema amebanwa, tangu Jumapili. Alisema mkono, ndiyo, lakini kwanza alisema amebanwa. Alisema alitoka jasho usiku. Alisema ana wasiwasi. Alinipigia mimi kwa sababu alikuwa anaogopa, na alinieleza yote, na mimi ndiye niliyepokea. Nilikuwa na nafasi moja ya siku ile. Nikampa mtu aliyepiga kelele. Sikumuuliza amebanwa wapi. Nilijua namna anavyosema, Anti, mimi ndiye ninayewafundisha wengine namna mnavyosema, na sikumuuliza."



"Muriel," alisema Clifford.

"Wewe nyamaza." Muriel hakumtazama. Aliiweka ncha ya gazeti mezani, akailaza kwa kiganja. Kisha akamgeukia mumewe. "Hapana. Usinyamaze. Ulimwambia hayo?"

"Nilimwambia kidogo—"

"Clifford."

Mzee aliketi. Alitazama viganja vyake. "Iliuma sana," alisema. Sauti ilitoka tofauti, nyembamba, kama ya mtu anayejaribu lugha aliyoisoma shuleni. "Nilikaa kwenye ngazi na simu mapajani tangu saa kumi na moja alfajiri, nikingoja wafungue. Nilidhani nakufa, na wewe uko kwa dada yako. Sikujua niseme vipi."

Muriel alivuta kiti akaketi pia, kana kwamba mtu alimsukuma mabegani. Miezi mitatu na nusu ilipita usoni mwake: kengele, vifungo, duka la nyama, maktaba. Gaynor aliiona ikipita, mmoja baada ya mwingine, na hakuwa na mahali pa kutazama isipokuwa hapo.

"Nimewasimulia watu," alisema Muriel.

"Si kitu, mama."

"Usiniambie si kitu."

Kisha aliinuka. Alilichukua kopo la farasi, akafungua mfuniko, akaitoa keki nzima kwenye sahani. Akafungua kabati na kutoa lile kopo la wiki iliyopita, lingali na nusu ya keki, nayo akaitoa. Alifungua maji ya moto, akayaosha yote mawili, mifuniko pia, polepole, akayakausha kwa taulo hadi kwenye pembe. Akaingiza moja ndani ya jingine na kumpa Gaynor.

"Gaynor," alisema, bila kuinua sauti. "Nimeudhika kidogo."

Watu wa mahali pengine wangedhani wamesamehewa. Gaynor alizaliwa umbali wa barabara mbili kutoka jikoni hapo, na alijua kwamba hajawahi kuambiwa neno zito kuliko hilo, na kwamba Muriel alikuwa amelipima kabla ya kulitoa. Alisema ndiyo. Alitafuta koti lake, akakosa mkono wa koti mara mbili. Hakuna aliyemsaidia, na alishukuru kwa hilo.

Kwenye ukumbi mdogo, kati ya mabuti ya Clifford na mlango wa nje, alisimama kuweka makopo chini ili afunge vifungo. Bati lilikuwa bado na joto la maji. Mlango wa jikoni haukuwa umefungika vizuri.

"Wapi?" alisikia Muriel akiuliza. Haikuwa ile sauti ya miezi mitatu. "Nionyeshe. Ilianzia wapi?"

Kiti kililia sakafuni, kikisogezwa.

"Hapa," alisema Clifford.

"Hapa?"

"Chini yake. Hapo. Kisha ikapanda huku."

"Kama nini?"

Gaynor aliokota makopo yake, akatoka, na kuuvuta mlango kwa mikono miwili usije ukapiga kelele.